Hewa Kwanza, Dhahabu Baadaye
Mwezi Novemba 2015, wachimbaji watano waliokolewa wakiwa hai katika mgodi wa Nyangalata, wilayani Kahama, mkoa wa Shinyanga, baada ya kufukiwa kwa siku 41. Walikula vyura na wadudu. Watu wengi walistaajabu kuwa njaa haikuwaua. Lakini la kustaajabisha zaidi ni kwamba hewa haikuwaishia.

Seli hupata nguvu kwa kuivunjavunja sukari. Penye oksijeni, molekuli moja ya glukosi huzalisha takribani molekuli 30 za ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nguvu mwilini. Pasipo oksijeni huzalisha 2 tu, na asidi ya laktiki hujikusanya. Msuli wa mpiga nyundo huweza kustahimili hali hiyo kwa kitambo. Ubongo huanza kufa katika dakika chache. Kwa siku za njaa mwili huweka akiba ya mafuta. Kwa oksijeni hauna ghala kama hilo.

Kwa hiyo, katika maduara ya Geita na Shinyanga, upitishaji hewa usihesabiwe kuwa gharama ya ziada. Mwenye duara na anunue feni kabla ya baruti, wala mchimbaji asiteremshwe mahali ambapo hewa haijapimwa.