Mwanamume na Jiko, Wapi na Wapi?

Nilikuwa Mombasa kwa harusi ya jamaa yangu. Tulikuwa tumekaa wanaume wanne tumeizunguka sinia ya biriani, mzee mmoja akaniuliza habari za huko bara ninakofanya kazi, kisha akauliza na habari za watoto wangu. "Na ni nani awapikiaye?" Nikamjibu, "Ni mimi, mzee wangu." Mkono wake ulisita juu ya sinia. Halafu akacheka, na wenzake wakacheka, na mmoja akasema kwamba bara kumenigeuza mwanamke.

Sikukasirika. Lakini niliitazama ile biriani nikajiuliza, je, hii imepikwa na nani? Ilipikwa na mwanamume, tena mtu mzima mwenye ndevu zake, aliyekesha nyuma ya nyumba na masufuria makubwa na kuni, na kila aliyepita pale alimwita "fundi" kwa heshima. Basi mwanamume akiwapikia watu mia tano kwa ujira ni fundi, na akiwapikia watoto wake wawili kwa mapenzi amekuwa mwanamke! Hesabu hii, ndugu msomaji, mimi imenishinda.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni. Kazi ya serikali ndiyo iliyonipeleka Pap Onditi, makao ya utawala ya Nyakach katika Kaunti ya Kisumu, nchi iliyo baina ya miinuko ya Nyabondo na Ziwa Viktoria. Mke wangu alikuwa nami huko. Mwenyezi Mungu alipomchukua, aliniachia msichana wa miaka tisa, mvulana wa miaka sita, na jiko nisilolijua. Jamaa waliokuja kuhani waliporudi makwao, niliitafuta chumvi asubuhi nzima nikaikosa, kumbe imo mbele ya macho yangu ndani ya kopo la majani ya chai.

Tukaishi kwa chai na mkate asubuhi, na chai na mkate jioni. Mchana niliwapeleka watoto hotelini. Waislamu wa Pap Onditi twahesabika kwa vidole, na wenye hoteli hawakuwa na kosa lolote. Walipika wanavyowapikia wateja wao wote. Siku moja mwanangu alikishika kipande cha nyama, hakukitia kinywani. Akaniuliza, "Baba, hii ilisomewa Bismillahi?" Mama yake ndiye aliyemfundisha kuuliza hivyo. Sikuwa na jibu. Nikamwambia ale maharagwe. Dada yake akasema polepole, "Maharagwe nayo yametiwa mchuzi wa nyama." Tuliondoka pale, tukanunua mkate.

Usiku ule mama yangu alinipigia simu. "Mwanangu, niletee wana wangu," akasema. "Mwanamume na jiko, wapi na wapi?" Alisema kwa huruma, wala simlaumu. Lakini niliwatazama watoto walivyolala. Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu wampoteze mama. Je, sasa wampoteze na baba, si kwa kifo, ila kwa sababu baba hajui kupika? Nikamwomba mama anipe muda mpaka Ramadhani.

NAZI KWA BASI

Hapo nikafanya kosa ambalo naamini wengi wetu wa Pwani tungelifanya. Nilidhani chakula cha halali ndicho chakula cha kwetu, yaani wali wa nazi, mchuzi wa nguru, na pilau siku ya Ijumaa. Nikaagiza nazi kutoka Mombasa kwa basi. Nikatafuta mbuzi, nikakuna mwenyewe, na kidole nacho nikakikuna. Tui la kwanza na la pili niliyamimina pamoja, wali juu ukawa uji na chini ukaungua. Pilau nayo ilitoka nyeusi, tena si kwa kitunguu. Watoto walikula kwa adabu, na adabu ile iliniumiza kuliko kama wangelia.

Jirani yangu ni mama wa Kijaluo, na baina yetu upo ua wa miti tu. Harufu ya kuungua ilimfikia siku tatu mfululizo. Siku ya nne alikuja akasimama mlangoni. "Ja-Mombasa," akaniita, maana ndivyo waniitavyo wote pale, "ziwa liko hapo, na wewe wangoja chakula kije kwa basi?"

Maneno yale yalinichekesha, lakini pia yalinichoma. Usiku nilifungua msahafu, katika sura ya Al-Maida, nikasoma tena mambo niliyoyahifadhi chuoni tangu utotoni bila ya kuyapima. Vilivyoharamishwa vimetajwa kimoja kimoja: mfu, damu, nyama ya nguruwe, kilichochinjwa kwa jina lisilo la Mwenyezi Mungu, na vinginevyo vilivyotajwa pale. Mavuvi ya majini yamehalalishwa. Samaki hataki kuchinjwa. Mboga haina mchinjaji. Mchele, mahindi, kunde na maziwa havina shaka yoyote. Nilikuwa nimezungukwa na halali pande zote, huku nikiitafuta umbali wa safari ya usiku na mchana. Nilikuwa nimechanganya dini yangu na mapishi ya kwetu. Nazi ni tamu, lakini haimo katika nguzo za Uislamu.

DAGAA NA MBOGA CHUNGU

Somo la kwanza la yule mama lilikuwa dagaa wa ziwani, waitwao omena. Huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, kisha huanikwa juani. Alinifundisha kuwachagua walio wakavu, wanaong'aa kama fedha, na kuwaacha waliovunjikavunjika. Huoshwa kwa maji ya moto mara mbili au tatu mpaka mchanga uishe, wakachujwa, wakakaangwa mpaka wakauke, ndipo vitiwe kitunguu na nyanya. Wao humalizia kwa maziwa. Mimi nikaongeza ndimu na pilipili, maana mtu hasahau kwao. Kwa ugali, ni chakula cha nusu saa, na watoto walishiba.

Baadaye nikajua ngege, na nikamjua mbuta, ambaye hakuwamo katika ziwa lile mpaka alipotiwa na watu katika miaka ya 1950. Nilipoelezwa hayo nilimpenda zaidi, kwani naye ni mgeni kama mimi. Nikienda Kusa ufukweni hununua kipande, nikakitia chumvi, nikakikaanga, kisha nikakirudisha katika mchuzi wa nyanya. Kamongo nao wapo, na wenyeji huwasifu sana, lakini mwanangu alipomwona mmoja akijinyonganyonga sokoni alijificha nyuma yangu. Halali si lazima, nikamwambia, na tukampita.

Mboga ndizo zilizonipa kazi. Ipo osuga, ambayo ni mnavu wetu, na dek, ambayo ni mgagani. Watu wa Pwani tulao mchunga hatuogopi uchungu, lakini watoto ni watoto. Siri ni kuchemsha, kumwaga maji ya kwanza, kuchanganya na majani ya kunde, kisha kutia maziwa na kuacha motoni polepole. Siku ya pili huwa tamu kuliko siku ya kwanza. Palipotakiwa tui nikajifunza kutia maziwa au karanga za kusaga. Mchele sikuutafuta mbali, kwa kuwa Ahero, yenye mashamba ya mpunga ya umwagiliaji tangu miaka ya 1960, iko njiani mwetu kwenda Kisumu.

Siku ya Ijumaa nilianza kununua kuku hai na kuchinja mwenyewe. Mara ya kwanza mkono ulitetemeka. Nilinoa kisu mbali na macho ya kuku, nikamwelekeza kibla, nikataja jina la Mwenyezi Mungu, nikakata koromeo na umio kwa pamoja, na damu ikatoka yote. Mwanangu alisimama kando akitazama. Alipoletewa paja hakuuliza neno. Kuku wa kienyeji ni mgumu, hutaka saa mbili motoni, lakini twangoja. Nyama ya ng'ombe huinunua nikifika Kisumu, kwani mji ule una Waislamu wa siku nyingi, na mtaa wa Kaloleni hunikumbusha kwetu. Nikirudi, tunayoiweka huikata vipande virefu nikaianika, kama wafanyavyo Wajaluo, ikakaa siku nyingi bila ya kuoza.

Najua kuna aya ihusuyo chakula cha Ahlul-Kitabu, na najua masheikh wetu wana maelezo marefu juu yake. Mimi si mufti. Nasema tu kwamba mzazi anayejua alichokitia sufuriani hana haja ya kutafuta fatwa kila adhuhuri.

SI SISI PEKE YETU

Wala jambo hili si la Waislamu peke yao. Kando ya Mbale, Uganda, wako Waafrika wanaofuata dini ya Kiyahudi, waitwao Abayudaya. Walianza mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu. Nao wana sheria zao za chakula zinazokaribiana na zetu katika mengi. Hawali nguruwe wala damu, na mnyama kwao lazima achinjwe kwa kanuni. Katika mengine wametuzidi kwa ukali, kwani hawapiki nyama pamoja na maziwa, na samaki asiye na magamba na mapezi hawamli, hivyo kambare kwao hafai. Ni wachache sana kati ya majirani walao vingine. Katika utawala wa Idi Amin, miaka ya 1970, dini yao ilipigwa marufuku, ikawabidi kuishika kwa siri. Watu waliokatazwa kusali hadharani walibakiwa na nini, kama si nyumba zao na mioyo yao? Nawataja kwa kuwa walio wachache wote, wa dini yoyote, hulindwa kwanza na jiko la nyumbani. Huko ndiko mtoto ajuako yeye ni nani, kabla hajajua kusoma.

Ikiwa ni hivyo, kwa nini sisi tumeufungia wavulana wetu nje mlango wa jiko?

Wako watakaosema kwamba huo si mwendo wa wanaume wa Kiislamu. Nawajibu kwa heshima. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kazi za watu wake, na wakati wa sala ukifika huenda kusali. Imepokewa pia kwamba alishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake. Na yale mafunzo ya mezani tunayowafundisha watoto wote, kutaja jina la Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho karibu yako, Mtume alimfundisha Umar bin Abi Salama, mtoto aliyefiwa na baba na kulelewa nyumbani kwake. Yatima alikalishwa chakulani, akafundishwa kwa upole. Mimi sioni aibu katika mwendo huo.

Wengine husema, "Oa, bwana, mambo yaishe." Huenda nitaoa, Mungu akijaalia. Lakini mke si mtumishi wa jikoni anayeajiriwa baada ya mwingine kuondoka. Atakayekuja na aje kwa sababu ya mapenzi na dini, asije kwa sababu nyumba ina njaa.

Na tusijidanganye. Wanaume wa Pwani ni wapishi tangu zamani. Ni nani achomaye mishikaki barabarani? Ni nani auzaye kahawa na kashata? Ni nani akaangaye viazi karai jioni? Hawa wote ni wanaume, na hakuna anayewacheka. Kinachochekwa si upishi, bali ni kupika bila ya malipo, kwa watu wako mwenyewe. Hicho ndicho ninachosema tukitazame upya.

Ramadhani ilipoingia mama yangu alikuja, na nilijua amekuja kuchukua watoto. Magharibi ya kwanza niliandika futari: uji, viazi vitamu nilivyovipika kwa maziwa badala ya tui, omena wa ndimu, na mboga. Binti yangu ndiye aliyeleta tende. Mama alionja viazi, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Chumvi imepungua, mwanangu." Akaendelea kula. Alikaa mpaka Idi, akarudi Mombasa peke yake, na habari ya kuwachukua watoto hakuitaja tena.

Wazazi wenzangu, msiba haubishi hodi. Leo mko wawili, kesho huenda amebaki mmoja, na anayebaki si lazima awe mama. Mfundisheni binti, lakini mfundisheni na mvulana. Ajue kuwasha moto, kuosha dagaa, kuchinja kuku kwa kisu kikali na kwa jina la Mola wake, na kupika wali usioungua. Mwanangu sasa humenya vitunguu, na machozi yakimtoka hucheka. Chumvi ilipo anapajua.