Mwalimu wa programu awe ameandika programu

Jamani, kuna maneno yamenichosha. Mtu akiacha kazi ya kuandika programu akaenda kufundisha, watu hunong'ona: "Ameshindwa huyo." Ameshindwa na nini?

Mtazameni Brian Kernighan. Aliingia Bell Labs kule Marekani mwaka 1969, Unix ikiwa inazaliwa, akakaa miaka 30 hivi. Lugha ya AWK waliiunda watatu mwaka 1977, na ile K ni yake. Mwaka 1978 akatoa pamoja na Dennis Ritchie kitabu cha lugha ya C, kile kilichotupa wengi wetu "hello, world" ya kwanza. Kisha mwaka 2000 akawa profesa Princeton. Na huko hakufundisha wanafunzi wa kompyuta pekee. Alikuwa na somo zima la wale wa historia na fasihi, wasio na nia ya kuwa waandishi wa programu. Kwetu somo kama hilo hutupiwa kijana aliyefuzu juzi.

Mimi C nilifundishwa na mtu ambaye programu yake haikuwahi kutumiwa na mtu mwingine. Pointa aliichora ubaoni vizuri sana, sikatai. Tulipomuuliza kwa nini programu yetu inakula kumbukumbu mpaka inakufa, alituambia tuzime kompyuta tuiwashe tena. Mtihani tuliuandika kwa kalamu.

Peleka habari hiyo kwa mafundi wa masanduku pale Kamukunji uone watakavyocheka. Mwanagenzi wao hujifunza kwa aliyekunja bati miaka na miaka, akajikata, akakunja tena. Ni sisi wenye digrii tunaomrudisha fundi mlangoni eti hana shahada ya uzamivu. Naye akifika miaka 40 anapewa umeneja, kibodi haigusi tena isipokuwa kujibu barua pepe.

Mtasema mzee kapitwa na wakati. Haya. Mwaka 2022, akiwa na miaka 80, Kernighan aliiwezesha AWK kusoma Unicode, yaani herufi za lugha mbalimbali za dunia, na akakiri bila aibu kwamba Git bado haijamkaa sawasawa. Huyo ndiye namtaka mbele ya darasa, hasa sasa ambapo akili bandia inamwandikia mwanafunzi kurasa 10 za msimbo kwa dakika moja na hakuna wa kumwonyesha utavunjikia wapi.

Mwaka huohuo Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha programu shuleni. Walimu watatoka wapi?

Mshahara ni mdogo, hapo nakubali. Hakuna atakayeacha kazi ya benki kwa ajili yake, na sijasema aache. Vyuo vimpe jioni mbili kwa wiki, vimlipe kwa saa, na visimhoji ana makala ngapi kwenye majarida. Vimuulize ni mfumo gani aliouandika ambao watu bado wanautumia, na siku ulipoanguka alifanya nini.