Safari za Babu wa Tukuyu

Mwezi uliopita nilikwenda likizo nyumbani Tukuyu, na huko nikaukuta ukoo wetu umegawanyika pande mbili kwa sababu ya safari ya nusu siku. Babu yangu, mwenye umri upitao miaka 80, alikuwa ameomba apelekwe Kiwira akalione Daraja la Mungu. Baba mdogo akakataa katakata. Magoti ya mzee ni mabovu, alisema, na njia ina utelezi. Likitokea la kutokea, nani atalaumiwa?

Sisi wajukuu tumezoea kumwona Babu akiota jua barazani, hata tukasahau kwamba amekuwa msafiri maisha yake yote. Safari yake ya kwanza ilikuwa fupi mno. Kwa desturi ya Wanyakyusa wa zamani, mtoto wa kiume alipofikia miaka kumi hivi aliiacha nyumba ya babaye, akaenda kujenga kibanda pamoja na wenzake wa rika moja, ingawa chakula aliendelea kula kwa mamaye. Hatua mia mbili tu, asema Babu, lakini usiku ule wa kwanza alijiona kama aliyefika ng'ambo ya bahari.

Ujanani hatua hizo ziligeuka kuwa maili. Wazee wake walikuwa wameifuata dhahabu ya Lupa, huko Chunya, katika miaka ya 1930. Yeye, katika miaka ya 1950, akaielekea shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Akisimulia habari za huko, mshahara haumo sana. Husimulia taa za Kitwe wakati wa usiku, na jinsi alivyojifunza lugha ya watu ili aweze kununua mkate. Mimi naamini fedha ilikuwa kisingizio.

Kisha akaoa. Reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, alianza kupanda treni Mbeya kwenda kuwaona ndugu Dar es Salaam, akiongozana na mkewe, watoto wanne na mikungu ya ndizi. Reli hiyo hupita katika mbuga ya Selous, ambayo sehemu yake tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na abiria wenzake walikuwa wakisongamana madirishani kutazama tembo. Babu hakumwona hata mmoja. Kila kituo alikuwa akihesabu watoto, kisha mizigo, kisha watoto tena. Wenye familia mnaielewa safari ya namna hiyo!

Na katika miaka hiyo yote, barabara ya Tukuyu hadi Mbeya, kilomita zipatazo 70, ameipita mara zisizo na idadi bila kuchepuka hata siku moja kulitazama daraja hilo la mwamba wa volkano, ambalo chini yake unapita mto Kiwira. Daima palikuwa na jambo la kuwahi. Sasa hana la kuwahi, nasi ndio tunaomzuia! Tunamtumia fedha kwa simu, tunamnunulia blanketi, kisha tunashangaa akitaka kwenda mahali.

Nikaunga mkono upande wa Babu, nikakodi gari. Njiani alitutajia kila kijito tulichovuka. Tulipofika, tulimshika mikono, mimi kulia na mwanangu wa miaka saba kushoto, tukateremka polepole mno. Akaketi juu ya jiwe, akatazama maji yakiingia chini ya mwamba na kutokea upande wa pili. Alikaa kimya muda mrefu, hata mwanangu akaanza kuuliza kama Babu amelala.

"Sijalala," akajibu. "Hebu niambie, Matema ni mbali kutoka hapa?"

Baba mdogo hajanisamehe hadi leo. Kuhusu Matema, tumepatana iwe Septemba, mvua zikiwa zimekatika.