Mpunga umeuzwa: gari jipya au lililotumika?

Msimu wa fedha katika bonde la Kilombero hauhitaji kutangazwa. Mpunga unaanza kuvunwa Mei, mashine za kukoboa za Ifakara zinanguruma Juni na Julai, na ikifika Agosti madalali wa magari wa Dar es Salaam na Morogoro wanaanza kupiga simu. Wanaijua kalenda yetu kama vile nao wanalima. Kila mwaka wakati huo wafanyabiashara wa mchele kuanzia Mang'ula hadi Mlimba huuliza swali lile lile: fedha ipo, ninunue gari jipya au lililotumika?

Nitoe msimamo wangu mapema ili asiyeupenda asipoteze muda. Kwa mtu ambaye kipato chake kinatoka shambani na kinaingia mara moja kwa mwaka, gari jipya la dukani ni mzigo, isipokuwa kwa hali moja nitakayoieleza baadaye. Lakini na huyo anayenunua lililotumika, mara nyingi ananunua lile lisilofaa. Hasara ninazoziona hapa mjini zinatokana zaidi na hilo la pili.

Wazee wanakumbuka enzi ambazo swali hili halikuwepo. Gari lilipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa kujulikana. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, Serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana amezipata wapi. Zikaja pikapu, kisha katika miaka ya tisini yakamiminika magari ya Japani, mengine yakipitia Dubai. Tangu hapo Tanzania imekuwa nchi ya magari yaliyotumika, na anayenunua jipya kwa fedha yake mwenyewe ni wa kuhesabika. Hapa bondeni magari mapya ya kwanza kuonekana kwa wingi yalikuwa ya misheni, ya hospitali, ya utafiti, ya kiwanda cha sukari na ya Serikali. Mkulima aliyazoea kwa kuyapisha njiani akiwa juu ya baiskeli.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana bila hesabu ukurasa huu hauna kazi.

Chukua mfano wa gari dogo la abiria, injini kati ya cc 1,000 na 2,000, ambalo thamani yake hadi bandari ya Dar es Salaam, meli na bima vikiwemo, ni Sh milioni 10. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani Sh milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini hiyo ni asilimia 5 ya jumla ya hizo mbili, yaani Sh 625,000. Kama gari limevuka miaka 10 tangu litengenezwe, unaongezwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, yaani Sh 3,750,000. Juu ya vyote hivyo inakaa VAT ya asilimia 18, Sh 3,037,500. Jumla ya kodi ni Sh 9,912,500, na bado hujalipa tozo ndogo ndogo, gharama za bandari, usajili na wakala. Gari la milioni 10 limekuwa la karibu milioni 20.

Gari la thamani hiyo hiyo likiwa chini ya miaka minane halina uchakavu. VAT inashuka hadi Sh 2,362,500, na kodi yote inakuwa Sh 5,487,500. Tofauti ni Sh 4,425,000. Geuza hesabu hiyo uitazame upande wa pili: unaweza kuagiza gari changa la thamani ya Sh milioni 12.8 na likakutoka kwa bei ile ile ya kuukuu la milioni 10. Wangapi wanaliona hili? Watu wanaangalia bei ya Japani kwenye simu, wanafurahi kwamba la mwaka wa zamani ni rahisi, wanatuma fedha, halafu wanakutana na TRA bandarini. Na TRA haitegemei risiti yako peke yake. Ina kikokotoo chake cha thamani, na hicho ndicho cha kutazama kabla ya kutuma hata senti.

Wenzetu wa Kenya wamekataza kabisa gari lililozidi miaka minane, na Uganda mwaka 2018 waliweka ukomo wa miaka 15. Sisi hatukukataza, tumeacha kodi ifanye kazi hiyo. Ni njia ya kiungwana zaidi, lakini inamwadhibu asiyejua hesabu.

Kwa magari ya mizigo mambo ni tofauti, na hapa ndipo penye maslahi ya wasomaji wangu wengi. Uchakavu wa gari la kazi lililovuka miaka 10 ni asilimia 5 tu. Ndiyo maana Canter na pikapu za zamani bado zinaingia na bado zinalipa. Mwenye kuleta mpunga kutoka Mofu au Mngeta hadi mashineni Ifakara hana sababu ya kulikimbia gari la umri huo, mradi alijue.

Kulijua ndiko kugumu. Mimi mwenyewe niliungua. Nilinunua Canter katika yadi moja ya Dar es Salaam. Mita ilisoma kilomita chini ya laki moja, matairi yaling'aa, na chesisi ilikuwa imepakwa rangi nyeusi safi kabisa. Rangi ile ingetosha kunishtua, lakini nilikuwa na haraka, mavuno yalikuwa yananisubiri. Safari ya tatu, nikiwa nimepakia magunia 40 ya lumbesa, chesisi ilikatika mahali ambapo mtu alikuwa amechomelea bati na kulifunika kwa rangi ile. Nililala njiani siku nne. Mvua ya nje ya msimu ikapita juu ya turubai lililochanika. Mpunga ukilowa, unajua mwenyewe: mchele unatoka wa njano na unakatika, na wanunuzi wa Dar wanautupia jicho moja tu. Magunia 14 hayakuwa yangu, yalikuwa ya mama mmoja wa Namwawala aliyekuwa ameyapangia ada ya mwanawe. Nilimlipa, ila nilimlipa Desemba, na shule ilikuwa imemrudisha mtoto tangu Septemba. Yadi ile sikuirudia. Karatasi niliyosaini ilisema gari limeuzwa kama lilivyo.

Kosa lilikuwa langu kwa sehemu kubwa. Nilimchukua fundi aliyetafutwa na dalali. Fundi wa kukagua gari atoke kwenye gereji yako ya Ifakara, umlipie nauli na posho ya siku, na asijuane na muuzaji. Aingie chini ya gari na nyundo ndogo, agonge chesisi, akwangue rangi mpya popote aionapo. Injini isiwashwe kabla hajaigusa, kwa sababu injini iliyopashwa moto mapema huficha ugumu wa kuwaka. Gharama ya siku mbili za fundi haifikii bei ya springi moja.

Jambo jingine ni namba. Siku hizi mtu anakwambia, "Hii ni namba E," kana kwamba amekupa cheti cha kuzaliwa. Herufi ya namba inakueleza gari liliandikishwa Tanzania lini, haikuelezi lilitengenezwa lini. Lipo gari la namba D lenye umri mdogo kuliko la namba E. Tazama mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, kisha linganisha namba ya chesisi ya kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma.

Kuna soko la tatu ambalo madalali hawalitaji kwa sababu halipiti mikononi mwao: magari yaliyotumikia hapa hapa. Mradi ukiisha au taasisi ikibadili magari, Land Cruiser na Hilux zilizonunuliwa mpya hupelekwa mnadani. Mengi yalitunzwa kwa ratiba, na fundi aliyeyahudumia unaweza kumkuta hapa mjini ukamuuliza ana kwa ana. Mimi nalipa soko hili alama kubwa kuliko yadi yoyote. Lakini mtego upo. Gari la namba za DFP kwa kawaida liliingia kwa msamaha wa kodi, na msamaha ule haukufuati wewe. Likihamia kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Kabla hujanyanyua mkono mnadani, uliza kwa maandishi kama bei inayotajwa ni pamoja na kodi. Nimeona mtu akishangilia ushindi asubuhi, na mchana akitafuta wa kumwuzia ushindi wake.

Haya, na gari jipya? Nilisema ipo hali moja. Ni ile ya mwenye mkataba unaoadhibu kuchelewa. Anayesomba miwa kupeleka kiwandani Kilombero ana msimu wenye mwanzo na mwisho, na muwa uliokatwa haungoji, kila siku unapoteza sukari. Kwa mtu huyo gari kulala siku tano ni safari zilizopotea na hazirudi, na mkataba wake unaweza kumshawishi hata meneja wa benki. Anunue jipya, alipe bima kubwa ambayo benki itaidai kwa vyovyote, na alifanyishe kazi mfululizo mpaka lijilipe.

Muuza mchele hana mkataba wa namna hiyo. Gari lake lina kazi nzito miezi minne au mitano. Masika ikiingia, njia za kwenda mashambani zinakuwa tope la mfinyanzi na gari linakaa uani chini ya mwembe. Marejesho ya mkopo hayakai uani. Na waranti wanayoisifia dukani ina masharti: huduma ifanywe kwa wakala, kwa vipimo vyake. Wakala yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Piga hesabu ya kulipeleka gari huko kila linapodai huduma, halafu uniambie waranti ni ya bure.

Kuna na suala la mafuta. Injini nyingi za dizeli za siku hizi zina mfumo wa shinikizo kubwa na nozeli za umeme. Zinakula kidogo, zina nguvu, na hazivumilii maji wala uchafu. Ukinunua dizeli ya pipa kijijini, nozeli moja inaweza kukugharimu fedha ya magunia. Injini za zamani za pampu ya kawaida zinavumilia makosa yetu, na mafundi wa hapa wanazifungua wakiwa wanapiga soga.

Watu wanasema lami imekuja, mambo yamebadilika. Ni kweli. Daraja la mto Kilombero, mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018 na kutuondolea foleni ya kivuko, na barabara ya Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, imepata lami baada ya kungojewa miaka mingi. Kwa anayetaka gari la kutembelea, la kwenda Morogoro na kurudi, gari dogo lililo chini ya miaka minane sasa ni uamuzi wa akili, jambo ambalo zamani nisingeliandika. Ila mpunga hauoti kando ya lami. Gunia linaanzia pale trekta na ng'ombe wanapoishia.

Wauzaji wa magari mapya wana hoja moja ambayo siidharau, nayo ni kwamba jipya halina historia ya kufichwa. Lakini wanasahau upande wa kuuza. Gari jipya likitoka dukani tu limeshapoteza sehemu ya bei yake. Lililotumika, likitunzwa, kwa miaka mingi limeshikilia bei kwa shilingi, kwa sababu shilingi yenyewe ilikuwa inashuka. Mwaka 1995 dola ilikuwa chini ya Sh 700, na ilipofika 2016 ilikuwa imevuka Sh 2,000. Aliyekuwa na Hilux nzuri alikuwa kama ameweka dola uani. Sisemi itakuwa hivyo daima, wala sishauri mtu anunue gari kama akiba.

Ninachomshauri aliyeuza mpunga mwaka huu ni kugawa fedha kabla ya kwenda yadi. Theluthi moja isiguswe. Katika hiyo utoe matairi, springi, bushi, betri na usajili, na ibaki ya kununulia mbegu Novemba. Kama mbili zilizobaki hazitoshi gari ulitakalo, hulimudu, na wala usilijazie kwa mikopo ya kausha damu. Kodi Canter ya mwenzako kwa msimu mmoja zaidi. Wapo waliokodi misimu mitatu mfululizo huku jirani akilipia la kwake, na leo wao ndio wenye gari.

Dalali akikupigia kukwambia kuna mteja mwingine yuko njiani kutoka Malinyi na fedha taslimu mfukoni, mwambie amuuzie.