Mashine Zinazobaki Chini

Roketi ikipaa, sote tunatoa simu. Kabati la mafaili nani amewahi kulipiga picha?

Mwaka 1966 na 1967 Marekani ilirusha vyombo vitano vya Lunar Orbiter, vitafute mahali pa Apollo kutua Mwezini. Picha zilikuja kwa redio zikarekodiwa kwenye tepu. Mashine zilizorekodi, Ampex FR-900, zilikuwa kubwa kama friji. Hazikuenda popote, kwa hivyo hazikuwa na mashabiki.

Miaka ikapita, tepu zikageuka mzigo. Nancy Evans, mtunza kumbukumbu wa NASA, akakataa zitupwe. Akatafuta mashine nne kuukuu za kuzisoma, akaomba pesa za kuzitengeneza, wapi! Mashine zikaishia gereji ya nyumbani kwake. Ilibidi tungoje hadi 2007, Dennis Wingo na Keith Cowing walipozifuata na kuzipeleka kituo cha Ames, California, ndani ya mkahawa wa McDonald's uliofungwa. 2008 wakatoa picha ya Dunia ikichomoza nyuma ya Mwezi, iliyopigwa Agosti 1966, safi kuliko nakala zote za zamani.

Watu husimulia hiki kisa wakitabasamu. Mimi kinanikasirisha. Shirika lililopeleka watu Mwezini liliokolewa na gereji ya mama mmoja. Pesa za kurusha zilikuwepo, za kutunza ndizo zilikosa.

Na usiniambie ati ni makaratasi tu. Chuo kilipoteza alama zangu za mtihani, kisha kikanidai mimi ushahidi. Niliacha masomo hapo. Najua bei ya karatasi.

Voyager 1 nayo, iliyorushwa 1977, ilianza kutuma data isiyosomeka Novemba 2023. Wakati huo ilikuwa kilomita bilioni 24 kutoka hapa. Fundi utamtuma na matatu gani? Wahandisi walirudia nyaraka zilizoandikwa kabla wengine wao hawajazaliwa, wakapata chipu iliyokufa, wakahamisha programu mahali pengine kwenye memori. Aprili 2024 ikaongea tena.

Mwezi kama huo, 2023, tulishangilia setilaiti yetu Taifa-1, iliyobuniwa na wahandisi Wakenya na kujaribiwa kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria. Michoro yake iko wapi? Rekodi za majaribio anazo nani, na mashine za kuzisoma zitakuwepo 2060? Sijasikia mtu akiuliza. Basi nauliza mimi.