Maneno yanayoanza na IN



Juma lililopita sisi wa mwaka wa tano tulipewa intero ya Kiingereza. Sentensi moja ilisema: The island is inhabited. Karibu wote tukaandika: kisiwa hakina watu. Juu ya nini? Juu Kifaransa kinasema inhabité, maana yake hakuna mtu anayekaa pale. Kumbe kwa Kiingereza ni kinyume: watu wako, wanakaa, labda wanafuga na mbuzi. Sifuri nyingi, na ubishi mwingi mbele ya mwalimu.

Sisi tunaona kosa si la Kifaransa. Kosa ni desturi yetu ya kujifunza. Tunafungua kamusi, tunachagua herufi mbili, tunanakili ukurasa mzima wa IN na maana moja moja pembeni, halafu tunaimba kama kasuku. Kichwa kinashika mwanzo wa neno tu, kinaamini kwamba IN ni "hapana". Mara nyingine ni kweli: invisible ni kisichoonekana. Lakini iko IN nyingine, ya Kilatini pia, yenye maana ya "ndani". Ndiyo hiyo katika inhabited na katika inflammable, yaani kinachoshika moto upesi. Kwa neno hili Kifaransa kinatusaidia, juu kinasema vilevile. Wenye Kiingereza wenyewe ndio walichanganyikiwa: kule Marekani, karne ya 20, watu wa kuzuia moto waliomba paandikwe flammable tu, wakiogopa mtu asome "hakishiki moto" na kuwasha sigara karibu.

Je, ni mambo ya darasani tu? Hapana. Vitu vingi vinavyouzwa hapa Butembo na Beni vinapitia Kasindi kutoka Uganda, na maandiko yake ni ya Kiingereza. Nyumbani nani anaombwa kuyasoma? Ni sisi. Ukiona injury kwenye chupa ya dawa ya shamba ukadhani ni injure ya Kifaransa, utamwambia baba kwamba dawa hii inatukana watu, na kumbe inaonya juu ya kuumia. Tulicheka tulipoandika hayo, lakini baba mwenye macho yaliyoungua hatacheka.

Basi tunaomba orodha ziachwe, kila neno liandikwe ndani ya sentensi yake. Tazameni Kiswahili: funga na fungua yanaanza sawa na yanapingana kabisa, lakini hata mtoto mdogo hayachanganyi, juu aliyasikia mlangoni.

Wako wanaosema orodha ni ya haraka wakati mtihani wa Serikali unakaribia. Kweli, ni ya haraka. Na sisi tunayo daftari ya namna hiyo, kurasa 14. Inhabited iko ukurasa wa 9, na maana yake ni ile ile tuliyoandika kwenye intero.