Mastaa wa Fainali: Mnyama Akifika Mbali Ndio Mnamjua?

Ukweli usemwe, wanaotaka kununa wanune. Msimu wa 2024/25 wa Kombe la Shirikisho Afrika umewaanika mastaa wa mjini bila kuulizwa.

Simba ilipotoka 0-0 na Al Ahli Tripoli kule Libya, kisha ikawapiga 3-1 kwa Mkapa, kurasa zao zilikuwa bize na mawigi na chai ya kukata tumbo. Ukiwauliza Bravos do Maquis ni nini, wangekwambia dawa ya mbu. Ikafika Mei, timu iko fainali, ghafla kila mtu ana jezi nyekundu na stori ya "Mnyama yupo kwenye damu". Damu gani hiyo inayoanza kuzunguka nusu fainali?

Walioibeba timu wanajulikana. Ni watu wa Mbagala, Tandika, Manzese na Tandale, wanaounga daladala mbili, wananunua mzunguko, mechi ikiisha usiku wanatembea. Hao ndio walikuwepo Aprili 9, Al Masry wamekuja na mabao yao 2 ya kwao, Simba ikayarudisha yote mawili na kumaliza kwa penalti 4-1. Siku ile kuna watu walipoteza sauti siku tatu. Staa gani alipoteza sauti?

Halafu ikaja roho mbaya ya fainali yenyewe. CAF ikasema sehemu ya kuchezea ya Mkapa haijafikia kiwango, mechi ikapelekwa Amaan, Zanzibar. Uwanja wa Mkapa uko Temeke, unabeba watu 60,000. Amaan ni kama 15,000 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Muuza chipsi wa Temeke, anayesikia kelele za uwanja akiwa jikoni kwake, akatakiwa kutafuta nauli ya boti, pa kulala, na siku mbili za kufunga biashara. Akaishia kibanda umiza. Mwenye wafuasi laki tano, anayeuliza "kwani leo tunacheza upande gani?", akakaa jukwaa la heshima na miwani yake.

Na hao hao ndio walikuwa wa kwanza kutukana "mashabiki wa uswahilini" baada ya vurugu za mechi na CS Sfaxien, Desemba 15. Viti viling'olewa, kweli, na aliyeng'oa alikosea sana; CAF ikaadhibu, mechi na Constantine ikachezwa uwanja mtupu. Lakini Watunisia nao walikuwemo kwenye fujo ile, sasa kwa nini lawama zote zishukie Mbagala? Kwanza mtu ambaye hajawahi kukalia kile kiti cha plastiki anakionea uchungu wa nini?

Sasa njoo Mei 25. Berkane wameshashinda 2-0 kwao. Mutale anafunga mapema, Amaan inatikisika. Kagoma anapewa nyekundu, bao la Mukwala linafutwa na VAR, Sidibe anasawazisha dakika za nyongeza. Kombe linakwenda Morocco kwa jumla ya 3-1. Watu wazima walilia. Boti hazijarudi Dar, mashabiki wa mchongo wameshafuta picha zao na kuanza kurusha vichekesho vya Kagoma. Kijana aliyecheza fainali ya Afrika anageuzwa kiki na mtu ambaye wiki mbili nyuma hakujua namba yake ya jezi!

Kuna mmoja, jina libaki kwake, Juni 25 Yanga ilipoipiga Simba 2-0 na kubeba ubingwa wa ligi, akatupia kijani na njano. Hata hakusubiri mwezi mmoja upite vizuri. Wananchi wenyewe wakamshangaa.

Viongozi wa klabu nao wasijifiche. Hawa watu wanaalikwa, hawaji wenyewe. Msimu ujao viti vya mwaliko vianzie kwenye matawi ya Temeke na Kinondoni, kwa watu waliokuwepo tangu raundi za mwanzo. Staa akitaka kuja, anakaribishwa sana. Foleni iko getini, aje na N-Card yake, na asisahau kuweka salio.